Vichwa Vilivyobaki Safarini

Katika chama cha wasafiri kulikuwa na neno moja marufuku, nalo ni "nzuri".

Kila Jumamosi saa nane mchana wanachama walipanda ngazi za maktaba hadi chumba cha juu, wakabandika picha za safari zao ubaoni, wakakaa kwenye viti vya plastiki na kuanza kazi. Mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wenzake wamalize. Wenzake nao hawaruhusiwi kusema "nzuri" halafu basi. Sema unachokiona, kisha sema ungefanya nini tofauti. Ukishindwa, unaosha vikombe vya chai vya watu wote. Sheria hiyo aliitunga mwenyekiti, mzee aliyekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini, na mpaka leo akikutazama juu ya miwani yake unajikuta unaficha kucha.

Binti waliyemwita Kimya alikuwa ameosha vikombe Jumamosi sita mfululizo.

Si kwamba hakuona kitu. Aliona mno. Alisomea upigaji picha chuoni miaka miwili, na sasa alifanya kazi katika studio ya kusafisha picha, ambako kutwa nzima safari za watu zilipita mbele ya macho yake: bahari zilizoinama upande zikataka kumwagika, maharusi waliopigwa jua likiwa mgongoni wakawa weusi kama masizi, vidole gumba vikubwa kuliko milima. Kosa alilijua karatasi ikiwa bado ina joto la mashine. Shida ilikuwa ulimi. Akimtazama mwenye picha, akaona anavyosubiri amerefusha shingo, maneno yote yalimkauka kooni likabaki lile moja tu.

"Nzuri," alisema.

"Sabuni iko juu ya sinki," mwenyekiti alijibu.

Basi Jumatatu moja asubuhi, Mjomba akaingia studio.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yake, fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane. Kila sare ambayo Kimya alivaa shuleni ilitoka mikononi mwake, na kila mwaka alimfungulia pindo kidogo kadiri alivyorefuka. Lakini mwaka uliopita mgongo ulimgomea, akafunga duka. Tangu hapo alikaa kwenye kiti kimoja dirishani akikosoa suruali za wapita njia, na kila wiki sauti yake ilizidi kupungua, mpaka mama yake Kimya akaanza kuogopa. Mwezi uliopita ndipo mwanawe wa pekee, anayefanya kazi nchi ya mbali, alipomtumia tikiti na kamera. Mjomba alisafiri siku mbili na nusu, akakaa huko siku kumi na moja, akarudi mtu mwingine kabisa: kamera shingoni, kofia upande, na hata mizigo hajafungua ameshajiandikisha chamani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Nisafishie sita. Chagua wewe, una jicho la chuo. Jumamosi nazipeleka chamani. Habari ya maonyesho unayo?"

Kimya alikuwa nayo. Chama kingechagua picha kumi za kutundikwa kwenye korido ya maktaba mwezi mzima.

"Nimeshawaambia watu," Mjomba alisema. "Kinyozi nimemwambia, jirani nimemwambia, hata yule mama wa duka la dawa ambaye hatusalimiani."

"Lakini bado hawajachagua, Mjomba."

"Si ndiyo nakwambia nisafishie?"

Kimya akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Picha mia mbili na kumi na nne. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya kumi, ya hamsini. Akarudi nyuma kuhakikisha. Akajifanya anakohoa.

Hakukuwa na kichwa hata kimoja.

Palikuwa na maporomoko ya maji, na mbele yake mtu amesimama kuanzia kola hadi viatu. Palikuwa na bibi harusi wa watu, gauni lote kamili, shada mkononi, na juu ya mkufu hakuna kitu. Palikuwa na sanamu ya shujaa katikati ya uwanja, iliyokatwa shingoni kama vile imeshindwa vita. Na mwanawe Mjomba, binamu yake Kimya mwenyewe, alikuwemo katika picha sabini na zaidi, amesimama, amekaa, anakula, anapanda basi, na katika zote hizo alikuwa koti na suruali.

"Unamwona huyu?" Mjomba aligonga kioo kwa kucha. "Mfuko wa hili koti umeshonwa kwa mkono. Kwa mkono! Watu wa kule bado wana adabu."

Hapo Kimya akaelewa. Kwa miaka thelathini na minane macho ya Mjomba yalianzia kwenye kola na kuishia kwenye pindo. Kilichokuwa juu ya kola hakikumhusu, maana hakishonwi. Kamera imefuata macho, na macho yamefuata kazi. Mzee wa watu wala hakujua kwamba kuna kilichopungua.

"Vipi?" Mjomba aliuliza, shingo imerefuka.

"Nzuri," alisema Kimya.

Mjomba akatoka studio na picha zake sita, akipiga mluzi.

Jioni hiyo Kimya alimwonyesha mama yake picha tatu kwenye simu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akakaa kitako kwenye sakafu ya jiko.

"Mama, usicheke. Jumamosi mwenyekiti atamla nyama. Wiki juzi alimuuliza mtu kama picha alizipiga akiwa amelala. Hajarudi tena yule."

Mama akaacha kucheka. "Kaka yangu akichekwa pale, hiyo kamera anaiweka kabatini, na anarudi kwenye kile kiti. Namjua. Safari hii hatainuka."

"Basi mwambie."

"Mimi? Mimi mdogo wake! Nilipomwambia ana mvi alininunia wiki mbili. Mwambie wewe uliyesoma."

Kimya alikwenda siku ya pili yake baada ya kazi. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, na mwanamke mmoja kwenye kivuko cha barabara akamwambia "Pole, dada." Alimkuta Mjomba amezipanga picha sita juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alipiga moyo konde, akafumba macho, akasema kwa pumzi moja:

"Mjomba picha zako hazina vichwa."

Mjomba akavaa miwani. Akaichukua ya kwanza, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza nyuma kana kwamba kichwa kingekuwa upande wa pili. Akaichukua inayofuata. Alipofika ya sita, akakaa.

"Lo," alisema. Kisha, taratibu: "Nimesafiri siku mbili na nusu kwenda kumwona mwanangu, nikarudi na suruali yake."

Kimya alitamani sakafu imfungukie aingie. Akakimbilia alichofundishwa chuoni, maana kilikuwa karibu. "Si kitu, Mjomba, inarekebishika! Unaacha nafasi ya vidole vinne juu ya kichwa. Kama unavyoacha pindo. Unamweka mtu katikati, unahakikisha amenyooka, unapiga."

"Vidole vinne," Mjomba alirudia. "Kama pindo."

"Kama pindo."

"Hilo naliweza." Akainuka, akashika kamera.

Kimya alirudi nyumbani anatembea juu ya mawingu. Kumbe kusema ukweli ni jambo dogo tu! Alijiona jasiri Jumatano yote na Alhamisi yote.

Ijumaa mchana Mjomba alirudi studio, na safari hii hakupiga mluzi. Akaweka kadi mezani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Zilikuwa picha arobaini. Majirani, kinyozi, mwenye duka la dawa. Vichwa vilikuwepo vyote, na juu ya kila kichwa vidole vinne kamili, hakuna kilichozidi wala kupungua. Lakini kila mtu amesimama wima, kidevu juu, mikono imetanuliwa kidogo kutoka mbavuni, pumzi imebanwa. Kinyozi, mtu anayeongea hata akiwa na maji mdomoni, alionekana kama aliyehukumiwa.

"Uliwaambia wasimameje, Mjomba?"

"Nyoosha mgongo, tanua mikono, usipumue. Si ulisema wanyooke?"

Walikuwa wanapimwa suti. Watu arobaini, na kila mmoja anapimwa suti. Kimya aliuma mdomo, lakini Mjomba hakuwa na uso wa kucheka.

"Najua, usinidanganye," alisema. "Hizi zina vichwa, ila watu hawamo. Zile zangu za kwanza angalau nilizipenda nilipokuwa nazipiga." Akavua mkanda wa kamera shingoni. "Mpe mama yako. Atapigia maua yake. Jumamosi siendi, mwambie mwenyekiti mgongo."

"Mjomba, keti kwanza."

"Nimechoka kuketi, mwanangu," Mjomba alisema, lakini akaketi.

Kimya akafungua tena zile mia mbili na kumi na nne. Safari hii hakutafuta kilichokosekana. Alijaribu kusimama pale aliposimama Mjomba na kutazama alichokuwa akitazama. Nyingi, kusema kweli, zilikuwa ovyo tu. Lakini alipofika ya mia moja na sita akasita. Mwanawe Mjomba amesimama kituoni, koti la kijivu, nusu ya baiskeli ya mtu pembeni, tangazo nyuma, mguu wa mpita njia. Na kwenye ncha ya mkono wa koti palikuwa na kifungo cheusi kilichoshonwa kwa uzi mweupe.

"Hapa ulikuwa unatazama nini?"

Mjomba akainama. Uso wake ukabadilika. "Alikishona mwenyewe. Tazama! Kifungo cheusi, uzi mweupe, mishono inakwenda huku na huku kama kuku kapita. Mwana wa fundi! Nilimbembeleza ajifunze tangu akiwa mdogo, akakataa katakata, anataka kompyuta. Nikataka kumwambia, vua nikushonee, itachukua dakika mbili. Nikaona nitamwaibisha. Nikanyamaza, nikapiga picha."

Kimya alimgeukia. Kwa mara ya kwanza hakutazama shingo ya mtu anayesubiri. Alitazama picha.

"Mjomba, juzi nilikosea. Nilikwambia cha kitabuni bila kukutazama wewe. Kasoro ya hii picha si kichwa. Kasoro ni hivi vingine vyote. Baiskeli ya nini? Tangazo la nini? Wewe ulikuwa unatazama kifungo, halafu ukasimama mbali kama mgeni. Ungesogea. Ungesogea mpaka koti lijae."

"Nisogee?"

"Usogee mpaka uone uzi."

Akakata baiskeli. Akakata tangazo, akakata mguu wa mpita njia, suruali, mfuko. Akaendelea kukata mpaka kwenye kioo pakabaki mkono wa koti la kijivu, kifungo, na vidole vya kijana vikiwa vimekishikilia kidogo, kama mtu anayehakikisha bado kipo. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake. Alimsikia akivuta pumzi.

"Na zile nyingine mia mbili?" Mjomba aliuliza.

"Zile mbaya, Mjomba."

"Mbaya sana?"

"Sana."

Mjomba akaangua kicheko, cha kwanza tangu Jumanne, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akacheka naye bila kujua kinachochekwa.

Jumamosi walipanda ngazi pamoja. Mjomba alivaa koti lake la harusi za watu, akabandika picha moja tu, akakaa mstari wa mbele, mikono magotini. Mwanachama mmoja, dada wa benki, alitangulia na machweo yake. Akaambiwa machweo hayo yana nguzo ya umeme, akakubali. Nesi mmoja akafuata na picha ya daraja. Kisha mwenyekiti akasimama mbele ya kifungo, mikono nyuma.

"Hiki ni chama cha wasafiri," alisema. "Hapa safari iko wapi? Mlima hakuna. Mji hakuna. Kifungo hiki hata kwangu kipo." Akaonyesha tumbo lake. Watu wakacheka.

Mjomba alifungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Nyuma mtu alinong'ona, "Labda kamera ilimponyoka," na kicheko kikazunguka chumba mara ya pili. Kimya aliona mkono wa Mjomba ukiinuka kutoka gotini na kwenda polepole kwenye mkanda wa kamera, kama mkono wa mtu anayejiandaa kuondoka.

Akajikuta amesimama. Kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake kwa kishindo, wote wakageuka.

"Kona ya chini kushoto ina kiza," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kama uzi. "Mpigaji amejizibia mwanga mwenyewe. Ningesogea kulia hatua moja. Na ningesogea mbele mapema, siyo kungoja mtu mwingine aje kuikata."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Endelea."

"Naona kifungo cheusi na uzi mweupe. Kwa hiyo aliyeshona hakuwa na uzi mweusi, wala hana wa kumwomba. Nimehesabu mishono saba, ambapo fundi angepiga minne. Aliogopa kisiachie. Naona vidole vimekishika. Anakionea haya, au anakionea fahari, sijui. Mwenyekiti umeuliza safari iko wapi. Mlima ungekuwa wa kila mtu aliyepita pale. Hiki, aliyepiga alisafiri siku mbili na nusu kukifikia, na kwenye kituo kizima cha watu hakuna mwingine aliyekiona."

Alitaka kukaa, akakumbuka hakuna kiti, akabaki amesimama. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu naye hushona hivyohivyo," nesi alisema taratibu. "Nilipokwenda kumtembelea nilikuta shati lake limeshikwa kwa kibanio cha karatasi badala ya kifungo. Nikapiga picha jengo." Akatazama picha yake ya daraja kwa macho ya kuilaumu.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa. "Mwenye picha azungumze."

"Ni mwanangu," alisema Mjomba.

"Mshono mbaya huu."

"Mbaya mno!" Mjomba alijibu kwa furaha, kana kwamba amesifiwa.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kifungo kilishika nafasi ya kumi kati ya kumi, kwa tofauti ya kura moja, na mwenyekiti akaweka masharti: kona ya kushoto irekebishwe kabla ya kutundikwa, na itakaa mwisho wa korido, karibu na mlango wa choo.

"Pazuri hapo," Mjomba alisema. "Kila mtu lazima apite."

Watu walipoanza kujimiminia chai, Mjomba alimshika Kimya mkono akamtoa nje, hadi kwenye ngazi. Akakaa kwenye ngazi ya tatu, polepole kwa ajili ya mgongo, akatoa simu.

"Lazima nimwombe ruhusa. Ni mkono wake."

Mwanawe alipokea haraka. Kimya, aliyekaa ngazi moja chini, alisikia sauti ya binamu yake ikipanda kwa mshangao. "Kifungo changu? Baba, ukutani? Watu watakiona!"

"Ndiyo watakiona. Unakubali au hukubali?"

Kukawa na kicheko upande wa pili, kisha "Haya, nakubali."

"Vizuri. Sasa kuna jambo nilitaka kukwambia tangu siku ile nikanyamaza." Mjomba alijikohoza. Alimtazama mpwa wake, akachukua pumzi. "Ule mshono wako, mwanangu, haufai. Umefanya vizuri kuubana, nguvu unayo, lakini uzi umeuanzisha juu. Unaanzia chini, ndani ya kitambaa, fundo lisionekane. Halafu mara nne tu. Halafu unauzungusha shingoni mwa kifungo, ndipo unafunga. Unanielewa?"

Kimya alingoja. Kisha sauti ikarudi, ndogo kidogo: "Baba, subiri. Usikate."

Ikasikika droo ikivutwa, vitu vikipekuliwa, kitu kikianguka.

Mjomba akafunika simu kwa kiganja, macho yakimng'aa, akamwinamia Kimya.

"Amekwenda kutafuta sindano," alinong'ona.